Antena ya Lori Iwekwe Wapi?

Wasomaji wa kurasa hizi za nyumbani mmezoea kuletewa habari za lishe ya watoto, ushonaji na utunzaji wa bustani. Leo naomba nafasi nizungumzie chuma chembamba, kisichozidi urefu wa mkono wa mtu, kinachosimama juu ya malori ya kazi, ambacho wengi wetu hukiona kila siku pasipo kujiuliza kimewekwa pale kwa sababu gani. Nakileta katika kurasa hizi, wala si katika kurasa za ufundi, kwa kuwa anayekihitaji si dereva peke yake. Anakihitaji pia mke wake, na watoto wanaomngojea. Nyumba za askari jeshi, za polisi na za madereva wa serikali hufanana kwa jambo hili: mtu hutoka alfajiri, na habari zake hazipatikani mpaka arudi, isipokuwa kama simu ya upepo iliyo garini inasikika.

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kando ya Ziwa Mweru. Baba yangu ni mvuvi wa hapa hapa. Mama yangu ni Mfipa wa Kasanga, na cheti changu cha ualimu nilikipata huko Tanzania, kwao mama. Nilifundisha miaka michache, kisha nikaingia kazi ya ukarani katika yadi ya magari. Kazi yangu ni kuketi mbele ya mtambo wa simu ya upepo tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kuandika katika daftari kila gari linalotoka, linakokwenda, na kila neno linalotoka kwake. Madereva na wake zao bado huniita Mwalimu.

Huenda msomaji akauliza: je, siku hizi hakuna simu za mkononi? Zipo, na mjini Nchelenge na Kashikishi zinasikika vizuri. Lakini malori yetu hayafanyi kazi mjini. Hubeba changarawe kwa ajili ya barabara za vijijini, na tangu makazi ya wakimbizi ya Mantapala yafunguliwe mwanzoni mwa mwaka 2018, kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo waliokimbia mapigano katika mikoa ya Tanganyika na Haut-Katanga, barabara ya kuelekea huko haijapata kupumzika. Yamepita malori ya unga, ya mabati, ya nguzo na ya mabomba ya visima. Mvua za huku huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na udongo ukilowa, lori lenye shehena huzama mpaka ekseli. Katika mabonde yale simu ya mkononi hupata mawimbi ikipenda yenyewe. Tena simu ya mkononi humwita mtu mmoja, ilhali simu ya upepo huwaita wote walio katika masafa yale kwa mara moja, na aliye karibu zaidi ndiye anayejibu. Tofauti hiyo ndiyo iliyomponya kijana nitakayemtaja mbele.

Sasa tukiangalie chuma chenyewe. Simu zetu hutumia masafa ya karibu megahezi 150. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa mita 2, na antena ya kawaida ni robo ya wimbi, yaani sentimita 50. Watu wengi hudhani kuwa chuma hicho ndicho antena nzima. Sivyo. Chuma hicho ni nusu tu. Nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake. Mvuvi wa Mweru arushapo wavu, nguvu zake hutoka miguuni, katika mtumbwi anaoukanyaga. Mweke mvuvi huyo juu ya gogo linaloyumba, na wavu utaanguka miguuni pake. Ndivyo ilivyo antena. Ile ya sentimita 50 hutaka bati lisilopungua sentimita 50 kila upande, na kitako chake kiguse bati hilo chuma kwa chuma, bila rangi, mpira wala kutu katikati. Tena itake isitake, lazima iwe juu kuliko vyuma vingine vilivyo jirani, maana mawimbi ya masafa haya huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na ukuta wa chuma huyazuia. Ukilitazama lori kwa jicho hilo, utaona kwamba mahali panapotimiza masharti yote ni pamoja tu, nako ni katikati ya paa la kabini.

Na paa la kabini ndilo mahali ambapo hakuna anayetaka antena iwekwe. Dereva hapataki kwa sababu ya matawi ya miembe iliyopandwa kando ya barabara zetu. Fundi hapataki kwa kuwa itambidi aishushe dari ya ndani ili apitishe waya. Mkubwa wa karakana hapataki kwa kuwa lazima bati litobolewe, na tundu katika gari la serikali ni jambo la kuandikiwa barua. Kwa hiyo antena za malori huishia mahali pa ajabu. Nimeziona zimefungwa kwenye mkono wa saitimira, ambao mara nyingi umetenganishwa na mwili wa gari kwa mpira, hivyo antena haina bati la kukanyaga. Nimeziona kwenye bampa, ambako injini na kabini nzima husimama mbele yake kama mlima. Mahali pabaya kuliko pote, kwa maoni yangu, ni katika ule uwazi mwembamba kati ya kabini na bodi, na hasa ikiwa gari ni tipa, kwa kuwa bodi la tipa lina ukuta mnene wa chuma upande wa mbele, mrefu kuliko paa.

Idara moja hapa wilayani ilipata tipa jipya, na antena yake ikafungwa katika uwazi huo huo. Nina mazoea ya kialimu ya kutoa alama: mbele ya kila mwito huandika tarakimu, 5 kwa sauti safi, na 1 kwa sauti isiyoeleweka. Kabla ya miezi miwili kwisha daftari lilionyesha jambo la kushangaza. Tipa lile likirudi kutoka Mantapala lilipata 4 au 5. Likienda, mahali pale pale, darajani pale pale, lilipata 2 au 1. Dereva alikuwa yule yule na simu ile ile. Likirudi, kichwa chake kilitazama mji, na antena iliuona mji juu ya kabini. Likienda, kati ya antena na mji palisimama ule ukuta wa bodi. Niliandika alama zote katika karatasi moja, safu ya kwenda na safu ya kurudi, nikaipeleka kwa wahusika. Jibu lilikuwa fupi: gari jipya halitobolewi paa.

Mvua za msimu ule zilikuwa kali. Jioni moja ya mwezi wa Februari, tipa likielekea Mantapala na shehena ya changarawe, lilizama gurudumu la nyuma. Utingo, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliweka jeki juu ya ubao. Ubao ukateleza katika tope, chuma kikamwangukia mguuni kikambana. Saa kumi na moja na nusu nilisikia mkwaruzo, kisha namba ya lori, kisha neno moja, “mguu”, kisha mkwaruzo tena. Niliita mara nane. Dereva alinisikia, kwa kuwa mtambo wa kituo una nguvu zaidi na mlingoti wake ni mrefu. Mimi sikumsikia.

Mke wa utingo alikuwa nje penye benchi, mtoto mgongoni. Alikuja kuuliza kama mumewe atarudi kabla maduka hayajafungwa, maana fedha ya unga ilikuwa mfukoni mwa mume. Spika ya simu yangu husikika mpaka barazani. Aliingia, akasimama mlangoni, akasema, “Mwalimu, ni mguu wa nani?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Nimefundisha watoto sabini katika darasa moja, nimeulizwa maswali ya kila namna, lakini swali lile, na yule mama akinitazama mkono wangu ukiwa juu ya kitufe, sijalisahau. Nilimwomba aketi. Hakuketi.

Nusu saa nzima ilipita hivyo. Kilichotuokoa ni lori jingine, la idara nyingine, lenye antena katikati ya paa, lililokuwa likitoka Mantapala na kuja mjini. Dereva wake alimsikia mwenzake kwa kuwa alikuwa jirani, na alinisikia mimi kwa kuwa antena yake ilikuwa mahali pake. Akawa kama kivuko kati yetu. Alichukua maneno ya huyu akanipa mimi, akachukua yangu akampa huyu, sentensi kwa sentensi, pasipo kuongeza wala kupunguza. Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa damu ilikuwa ikitoka lakini kitambaa kimefungwa. Hivyo ndivyo tulivyopeleka gari dogo la magurudumu manne yenye kuvuta pamoja na jeki nyingine na mbao kavu. Saa tatu usiku kijana alikuwa katika hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi. Mguu haukukatwa. Anachechemea, na mvua zikikaribia hulalamika mfupa unamwuma, lakini yupo kazini.

Wiki iliyofuata ruhusa ya kutoboa paa ilitolewa.

Kazi ile walimpa mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa mwanajeshi katika kitengo cha mawasiliano. Sisi sote humwita Bashikulu, yaani babu kwa Kibemba, naye hufurahi. Niliomba ruhusa ya kutazama, nikatazama mpaka mwisho. Kwanza alishusha dari ya kabini ili ajue mihimili ya bati inapita wapi. Kisha alipima katikati kwa kamba, akatia alama kwa msumari, akatoboa tundu la milimita 19, huku ametandaza gazeti juu ya viti ili chembe za chuma zisibaki garini. Chini ya bati, pale tu kitako kitakapokaza, alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akapaka grisi nyembamba kuzuia kutu. Juu, upande wa mvua, rangi aliiacha kama ilivyo, akaweka pete ya mpira. Waya wa antena, ule mnene wenye kiini cha shaba na wavu wa shaba unaokizunguka, aliupitisha ndani ya nguzo ya mlango, akikataa kabisa kuukunja pembe kali wala kuubana mlangoni. “Waya huu ukiubonyeza,” aliniambia, “umeuziba kama mrija wa maji.”

Dereva hakuridhika. Alisema, “Bashikulu, miembe ya pale shuleni itaivunja siku ya kwanza.” Mzee alifungua mfuko wake akamwonyesha springi fupi iliyo chini ya antena, akaikunja kwa kiganja mpaka chuma kikalala juu ya paa, akaiachia ikasimama. “Na ikivunjika,” alisema, “ninazo tatu stoo. Mguu mwingine wa utingo sina.” Dereva alicheka, ila si sana.

Mwisho alitoa kipimo kidogo chenye sindano, kinachoonyesha nguvu inayokwenda kwenye antena na ile inayorudishwa. Antena ya zamani, alipoipima kabla ya kuing'oa, ilisoma 3. Maana yake robo ya nguvu yote ilikuwa ikirudi nyuma badala ya kwenda hewani, kabla hata hatujauhesabu ule ukuta wa bodi. Antena mpya ilisoma chini ya moja na nusu, na hapo kinachorudi ni sehemu 4 tu kwa kila 100. Kama paa lingekuwa la plastiki, kama yalivyo mapaa ya juu ya malori mengine makubwa, ingelazimu kwanza kuweka bati chini yake. Fundi asiye na kipimo hiki, kwa maoni yangu, asiruhusiwe kugusa simu ya gari la kazi, maana antena mbovu haionekani kwa macho. Hung'aa vile vile.

Jambo jingine alilorekebisha halikuhusu antena, lakini wenye malori watanishukuru kulitaja. Malori makubwa hutumia umeme wa volti 24, unaotokana na betri mbili za volti 12 zilizofuatana, na simu nyingi za upepo hutaka volti 12. Mafundi wa mitaani huchukua umeme kutoka betri moja tu. Simu hufanya kazi, na kila mtu hufurahi. Lakini betri ile moja huchoka daima, na mwenzake hujazwa kupita kiasi, mwishowe zote mbili hufa, na dereva husingizia baridi. Dawa yake ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye fyuzi karibu kabisa na betri. Na kwa kuwa kabini ya lori la namna hii hupinduliwa mbele ili injini ipatikane, waya utokao kwenye betri lazima uachiwe ulegevu wa kutosha mahali pa kupindukia, la sivyo siku ya kwanza ya matengenezo utakatika.

Askari wanaosoma makala hii watasema kwamba wao wanazijua antena ndefu zaidi. Ni kweli. Nilikuwa mtoto Desemba 2000, vita vilipofika Pweto, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa letu, na maelfu ya wananchi na wanajeshi wakavuka kuingia Zambia. Malori yalipita hapa siku nyingi, na mengine yalikuwa na fimbo ndefu iliyopindwa kuelekea nyuma na kufungwa kwa kamba. Nilidhani wameifunga ili isigonge miti. Bashikulu ndiye aliyenifumbua macho miaka hii. Ile ni antena ya masafa ya chini, megahezi 3 hadi 30, ambayo mawimbi yake hupanda angani yakarudishwa chini na tabaka za juu. Kwa megahezi 5 wimbi lina mita 60, na robo yake ni mita 15, urefu ambao hakuna lori linaloweza kuubeba. Kwa hiyo fimbo ya mita 2 au 3 husaidiwa na koili inayoidanganya simu kuwa antena ni ndefu. Ikisimama wima, sauti huelekea mbali sana na kuruka walio karibu. Ikipindwa, sauti hupanda juu moja kwa moja na kushuka kama mvua juu ya eneo la kilomita mia kadhaa kila upande, milima ikiwamo. Mchana hutumika masafa ya juu kidogo, usiku ya chini zaidi, kwa kuwa tabaka zile hubadilika jua likizama. Antena ya namna hiyo hutaka ukanda mpana na mfupi wa shaba kutoka kitakoni hadi kwenye chesisi. Waya mwembamba hautoshi.

Polisi nao wana haki ya kujivuna, kwa maana simu za garini zilianzia kwao. Polisi wa Detroit, Marekani, walianza kuitwa kwa redio wakiwa garini mwaka 1928, ila waliweza kusikia tu, wasiweze kujibu. Mwaka 1933 polisi wa mji wa Bayonne, katika jimbo la New Jersey, ndio waliopata magari ya kusikia na kujibu. Miaka mitano ile kati ya kusikia na kujibu huwa naifikiri sana ninapoikumbuka nusu saa yetu ya Februari.

Kwa akina mama walio nyumbani nina maneno machache. Lori likilala uani, msiifanye antena mwanzo wa kamba ya kuanikia nguo. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na shati lililokuwa likining'inia lilikuwa la mkubwa. Watoto wasiishike baba anapozungumza na simu, kwa maana inaunguza ngozi ingawa haionekani kuwa ya moto. Na la kutisha zaidi ni nyaya za umeme. Tipa likiinua bodi lake chini ya nyaya, au antena ndefu ikizigusa, lori zima huwa na umeme. Aliye ndani abaki ndani mpaka umeme ukatwe. Ikiwa gari linawaka moto na hana budi kutoka, aruke mbali kwa miguu yote miwili pamoja, asiliguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua ndogo za kuburuta nyayo. Mfundisheni hata mtoto wa shule, kwa kuwa ndiye anayekimbilia kumwokoa baba.

Wenye magari binafsi wanaotaka kufunga simu hizi wakumbuke kuwa masafa hayachukuliwi ovyo. Huku Zambia kibali hutolewa na ZICTA, na Tanzania na TCRA.

Tangu tundu lile litobolewe, tipa limepata 5 likienda na 5 likirudi, ila siku moja lilipata 3, na ikagunduliwa kuwa maji yameingia mahali waya unapoungana na antena. Bashikulu aliukata ncha, akaufunga upya kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Sasa kila lori linalotoka yadini huniita mara mbili, langoni na darajani, na la darajani huniita likiwa limeelekeza mgongo mjini. Mke wa utingo bado huja na kuketi kwenye benchi, na nikisema “tano” huenda sokoni pasipo kungoja. Yaliyobaki ni malori mawili na greda. Greda lina paa la plastiki, na bati lake tumeambiwa litafika mwezi ujao.